Tarehe ya Kwenye Kadi

Kahawa ya Mbinga huanza kuiva Mei au Juni, na uchumaji huendelea hadi Septemba au Oktoba. Ndiyo miezi ambayo watoto wa Kimatengo walioko mbali hupenda kurudi. Mvua imekata, njia za milimani zinapitika, malipo ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, yanasubiriwa, na harusi na shughuli za kuondoa matanga hupangwa wakati huo. Kwa yule anayeishi ng'ambo kwa kibali alichopata kupitia mume au mke wake, hiyo pia ndiyo miezi ya kuwa macho.

Huku kwetu watu wa namna hiyo si wachache, na wengi njia yao imepitia kanisani au hospitalini. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898. Leo Jimbo Katoliki la Mbinga lina udugu na Jimbo la Würzburg. Wanakuja madaktari, wanakuja vijana wa kujitolea, na watu wakifanya kazi pamoja hupendana. Ndoa inafungwa, aliyetoka huku anafaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, anapata viza, anamfuata mwenzake. Baada ya mwaka mmoja au miwili simu inaita kutoka nyumbani: mama hali yake si nzuri.

Tuchukue mfano wa binti wa Litembo. Ametua Dar es Salaam tarehe 10 Mei kuja kumuuguza mama yake. Kadi yake ya ukaazi imeandikwa kwamba itaisha baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo moyo wake umetulia. Mama anafariki mwishoni mwa Septemba. Ndugu wanamwambia, "Dada, subiri kwanza tumalize matanga, mambo ya mali na watoto tuyazungumze ukiwepo." Hawajakosea, kwani hakuna anayemzika mama leo akapanda ndege kesho. Anasubiri. Mwanzoni mwa Desemba anaondoka, kadi mkononi, tarehe yake bado mbali.

Kibali chake kilikwisha tarehe 10 Novemba. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani kinasema kwamba mgeni akitoka nchini asirudi ndani ya miezi sita, kibali chake kinakoma. Hakuna barua inayotumwa wala kikao kinachokaa. Kinakoma chenyewe, na kadi inabaki vilevile, inang'aa kama mpya. Atakayemweleza ni askari wa mpakani Frankfurt, akifunua pasipoti na kuhesabu miezi tangu alipotoka.

Kinachoniuma ni kwamba sheria hiyohiyo imeacha mlango wa kupita. Ofisi ya wageni ya mji anakoishi inaweza kumwongezea muda zaidi ya miezi sita, mradi aombe kabla haijaisha, na afadhali aombe kabla hajapanda ndege. Barua ya daktari wa mama, ikiwa na tafsiri, ingeweza kumsaidia sana. Tena, aliyeoa au kuolewa na Mjerumani anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka mitatu, na akishakipata, maadamu bado anaishi na mwenzake, kwa kawaida ile miezi sita haimfungi. Anayeumia zaidi ni yule wa mwaka wa kwanza na wa pili, ambaye bado ni mgeni, bado anamtegemea mwenzake hata kusoma barua za serikali. Kibali kikishakufa, kuanza upya ni kurudi ubalozini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mbinga, na kungoja viza kama mtu asiyewahi kufika Ulaya.

Uingereza inahesabu kwa namna yake. Mwenza wa mtu mwenye viza ya kazi ya ujuzi, anayetaka ukaazi wa kudumu, hatakiwi kuwa nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Neno "yoyote" ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu hesabu haianzi Januari wala siku ya viza: siku nyingi za safari ya mwisho wa mwaka huu na za safari ya mwanzo wa mwaka ujao zinajumlishwa pamoja. Ugonjwa wa kutishia maisha au kifo cha ndugu wa karibu huweza kusamehewa, lakini kwa ushahidi: cheti cha kifo, barua ya hospitali. Aliyeolewa na raia wa Uingereza hana ukomo huo wa siku 180 katika njia yake. Yeye ataulizwa kama kweli wawili hao wanakusudia kuishi pamoja huko, na mwaka mzima nyumbani bila maelezo ni jibu baya. Hata ukaazi wa kudumu wenyewe hupotea mtu akikaa nje miaka miwili mfululizo.

Marekani, mwenye kadi ya kijani akipitisha mwaka mmoja nje bila hati ya kuingia tena, kwa kawaida anahesabiwa kuwa ameacha makazi yake. Hati hiyo huombwa mtu akiwa bado Marekani. Ukishafika Mbinga umechelewa.

Katika vikao vya ukoo, binti ndiye anayetazamwa mgonjwa akihitaji wa kumwogesha na kumlisha. Kaka yake huruhusiwa kuondoka baada ya wiki mbili kwa sababu "ana kazi". Mke anayeishi kwa kibali cha mumewe huonekana hana kinachomngoja, kumbe yeye ndiye mwenye siku za kuhesabiwa. Ningependa mjomba au baba mdogo anayeongoza kikao cha matanga aulize mapema, mbele ya wote: "Mwanangu, unatakiwa uwe umerudi tarehe ngapi?" Kisha ratiba ipangwe kwa kufuata jibu hilo.

Jambo hili halikai Ulaya na Marekani tu. Shuka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, fuata ufuko hadi Liuli na Lituhi, utakuta familia zenye wakwe Likoma na Nkhata Bay upande wa Malawi, au Cobué upande wa Msumbiji. Mke wa kutoka huko huvuka ziwa kwenda msibani kwao, na watu hawahesabu hiyo kuwa safari ya nje. Sheria inahesabu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Mume mgeni wa Mtanzania hakupewa njia hiyo: yeye lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya miaka 7. Kila mwezi anaokaa kwao akimuuguza baba yake unapunguza hesabu, na ukiangukia katika ile miezi 12 ya mwisho, huenda akalazimika kuianza upya. Naona huo ni ubaguzi, na Bunge lingefaa kuurekebisha.

Kwa wake, neno zito ni "katika uhai wa mumewe". Wapo walioishi ufukweni miaka mingi, wamezaa, wamelima mihogo, wameanika dagaa, na ombi halijapelekwa kwa sababu kila mwaka kuna ada ya shule au nyavu za kununua kwanza. Mume akifa, njia hiyo imefungwa, naye anabaki mgeni katika nyumba ya watoto wake. Ombi hilo lipelekwe Uhamiaji mume akiwa hai, hata kama nyavu zitangoja msimu mmoja.