Bukavu–Kinshasa: kilometa 1,500 angani, zaidi ya 3,300 kwa msafiri

Ukipima mstari ulionyooka, kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni kilometa 1,500 hivi. Kwa ndege ya jeti, ni safari ya masaa mawili tu. Kwa mkaaji wa Bukavu leo, masaa hayo mawili hayamtoshi hata kufika katikati ya msitu wa Nyungwe, upande wa Rwanda.

Tangu tarehe 14 Februari 2025, waasi wa M23 walipoteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kilometa 30 hivi kaskazini mwa mji, abiria wa Bukavu walibaki bila ndege ya kwenda moja kwa moja kunako mji mkuu. Goma, ambako wengi wangekimbilia kwa boti, ulikuwa umeanguka mwishoni mwa Januari. Nayo barabara ya kuelekea magharibi kupitia Kindu, kila mtu anajua hali yake.

Basi mtu anayetaka kwenda magharibi anaanza kwa kwenda mashariki. Anavuka Ruzizi, anapanda basi kutoka Rusizi hadi Kigali, masaa sita hivi kwa barabara ya milima. Mwenye uwezo anapanda ndege pale Kamembe, karibu tu na mpaka, na nusu saa baadaye yuko Kigali. Lakini kutoka Kigali hakuna ndege ya moja kwa moja: Kinshasa ilifunga anga lake kwa ndege za Rwanda mwezi huo huo wa Februari. Inabidi kupitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa.

Kigali–Nairobi ni kilometa 760 hivi, Nairobi–Kinshasa zaidi ya 2,400. Ukiongeza barabara ya Rwanda, unapita 3,300. Anayezungukia Addis Ababa anaruka karibu 4,500 kwa ndege peke yake. London na New York, miji iliyotenganishwa na bahari ya Atlantiki nzima, ziko mbali kilometa 5,550 hivi, na ndege inamaliza safari hiyo kwa masaa saba au nane. Wa Bukavu, akihesabu mpaka, basi na kungoja ndege ya pili, mara nyingi anakwisha siku mbili akiwa bado ndani ya Afrika.

Hata saa ya mkononi inachoka: Nairobi anaisogeza mbele saa moja, Kinshasa anairudisha nyuma mbili.

Aliye na mgonjwa au kilio Kinshasa ndiye anayeumia zaidi, maana maiti haingoji. Zaidi ya tikiti anahitaji paspoti, na asiyekuwa nayo hatoki, ingawa anakwenda katika inchi yake mwenyewe. Pale N'Djili anashukia upande wa safari za kimataifa, na karte ya manjano mkononi. Siku ya kurudi, Go-Pass anayolipa ni ile ya wanaokwenda ngambo.