Nadharia si maoni

Mwanafunzi hulifahamu neno nadharia kwa kulitenga na vitendo: upo mtihani wa nadharia na upo wa vitendo. Mitaani nako jambo lisilo na hakika huitwa "nadharia tu". Katika sayansi neno hilo hubeba mzigo mzito zaidi, na mkanganyiko huo uliwahi kufika mahakamani.

Mwishoni mwa mwaka 2004, bodi ya shule za umma za Dover, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, iliamua wanafunzi wa biolojia wa darasa la tisa wasomewe tamko. Tamko lilisema kwamba mageuzi ya viumbe ni nadharia, si ukweli, na kwamba yako maelezo mengine: viumbe vilisanifiwa na mwenye akili. Walimu wa biolojia walikataa kulisoma, ikabidi viongozi wa shule waingie darasani kulisoma wenyewe. Wazazi 11 waliishtaki bodi.

Miongoni mwa mashahidi wa wazazi alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia ambaye pia ni Mkatoliki. Hoja yake mojawapo ilianzia kwenye hesabu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba taarifa za urithi. Sokwe wana jozi 24. Ikiwa wote wametokana na mzazi mmoja wa kale, jozi ya 24 imekwenda wapi? Haiwezi kuwa imetupwa, maana kiumbe aliyepoteza taarifa nyingi kiasi hicho asingeishi. Basi kromosomu mbili lazima ziliungana. Kamba mbili zikiunganishwa, fundo hubaki. Vivyo hivyo kromosomu moja ya binadamu ingepaswa kuwa na alama za ncha katikati yake, mahali ambapo ncha hazikai. Watafiti walizikuta alama hizo katika kromosomu namba 2.

Hapo ndipo nadharia inapoachana na maoni. Nadharia hutaja kitu kinachopaswa kuonekana, kisha hukubali kupimwa nacho. Kisipoonekana, imo hatarini. Dai la usanifu halikuweka kipimo cha namna hiyo. Michael Behe, shahidi wa bodi, alipohojiwa alikiri kwamba kwa tafsiri yake ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu ungeingia humo.

Tarehe 20 Desemba 2005, Jaji John E. Jones aliamua kwamba fundisho la usanifu si sayansi, na kwamba kuliingiza katika somo la biolojia la shule ya umma kunakiuka katiba ya Marekani, inayotenganisha dini na dola. Aliongeza jambo linalosahaulika mara nyingi: ni kosa kudhani kwamba mageuzi ya viumbe lazima yapingane na imani kwa Mungu.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akisema "hii si nadharia tu?", tusimnyamazishe wala tusiidharau imani aliyolelewa nayo. Tumuulize: kama nadharia hii ni ya kweli, tutarajie kuona nini? Na kama si kweli, nini kingeiangusha? Kisha tumwonyeshe ushahidi, aupime mwenyewe. Mtoto aliyezoea maswali hayo mawili ataweza kuyauliza kuhusu dawa, hali ya hewa na kila habari inayomfikia.