Fahamu: Kwa nini Samia bado anapimwa kwa Magufuli
Rais John Magufuli wa Tanzania alifariki Machi 17, 2021. Siku mbili baadaye makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa rais. Wanaomkumbuka Magufuli humtaja akizoa taka kwa mikono yake siku ya Uhuru, 2015, na kutumbua vigogo. Samia alikuja kwa sauti ya chini: akachanjwa korona hadharani, jambo ambalo mtangulizi wake asingelifanya, na Januari 2023 akaruhusu tena mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa iliyozuiwa tangu 2016. Wengi wakaona upepo umegeuka. Lakini Aprili 2025 kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, akashtakiwa kwa uhaini. Na miradi mikubwa, kama bwawa la kufua umeme la Nyerere? Ujenzi aliuanzisha Magufuli, umeme ukawaka chini ya Samia.