Gross, Tare, Net: Maneno Yanayoamua Shosh Atalipwa Ngapi za Majani Chai

Ukienda ocha Nyamira, risiti ya majani chai ni wewe unapewa usome, juu ndio umesoma. Na iko na maneno ya Kiingereza yenye kila moja inagusa doh. Wacha tuyafungue moja moja.

Gross. Uzito wa kila kitu kilicho kwa mizani, majani pamoja na gunia. Neno lilitoka Kifaransa cha kitambo, maana yake "nene" ama "kubwa". Ndio maana hii namba huwa juu ya zingine zote.

Tare. Uzito wa gunia tupu. Mizizi yake ni Kiarabu, neno la kitu kinachotupwa kando.

Net. Kwa Kifaransa ni "safi". Toa tare kwa gross, unabaki na net. Hii ndiyo inalipwa.

Tuseme gross ni kilo 18.5 na tare ni kilo 1. Net ni 17.5. Sasa shika rada hapa: kama gunia lenyewe lina nusu kilo lakini linakatwa kilo nzima, shosh amepoteza nusu kilo. Akipeleka majani mara 12 kwa mwezi, kilo 6 zimeyeyuka bila mtu kupiga kelele.

Cha kufanya ni rahisi. Gunia tupu lipimwe, na uangalie mizani inasoma 0 kabla mzigo uwekwe. Pia cheki muhuri: Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri.

Heavy na bulky. Hapa wasee wengi huchanganya. Heavy ni kilo, bulky ni nafasi. Gunia la majani chai linajaza mgongo wote na bado halifiki kilo za maana. Halafu enda Tabaka, Kisii, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Jiwe la ukubwa wa pakiti ya lita moja linapita kilo 2 na nusu, na maji ya lita moja ni kilo 1 tu.

Ukituma mzigo majuu, hii tofauti inakudunga. Kampuni nyingi za vifurushi hupima boksi kwa sentimita, zinazidisha urefu, upana na kimo, halafu zinagawanya kwa 5000. Boksi ya 50 kwa 40 kwa 30 inatoa kilo 12. Ukiweka vikapu vya kilo 5, unalipia 12. Ukiweka vinyago vya mawe vya kilo 25, unalipia 25. Wanachukua namba kubwa kila saa. Kwa hivyo muuza vikapu apunguze boksi, na mchongaji apunguze jiwe.

Ton na tonne. Herufi mbili tu, lakini si kitu kimoja. Tonne ni kilo 1000 kamili. Ton ya Uingereza ya kitambo ni kama kilo 1016, na ya Marekani ni kama 907. Mteja wa majuu akiandika "ton", muulize ni gani kabla uitikie bei.

Tuma hii kwa grupu ya familia. Kuna mtu huko anakatwa gunia kila wiki na hajawahi kuona likipimwa.