Mvua ya Mlimani, Mafuriko ya Ziwani

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Wengi wenu mlivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, na wengine mlipitia Rumonge kabla ya kufika kambini. Leo tunajibu swali moja: kwa nini mto hufurika kando ya ziwa wakati pale chini jua linawaka?

Jibu liko juu. Nyuma ya Rumonge kuna milima ya Bururi, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mteremko ni mkali na njia ni fupi. Mvua ikinyesha Bururi, Mto Murembwe huyateremsha maji kwa kasi, pamoja na udongo, mawe na miti.

Yakifika tambarare, maji hupunguza mwendo na kuacha udongo. Udongo huo hurutubisha mashamba. Lakini huo huo huziba njia ya mto, na mto uliozibwa hujitafutia njia nyingine, hata kama ni katikati ya nyumba za watu.

Sasa tuingie ziwani. Mito mingi huingia Tanganyika, ila unaotoka ni mmoja tu: Lukuga, pale Kalemie. Lukuga huingia Lualaba, Lualaba huwa Mto Kongo, nao hupita Kisangani na Kinshasa hadi Bahari ya Atlantiki. Maji mengine mengi hupanda hewani kama mvuke. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka mfululizo, ziwa hupanda na kushuka kwake huchukua muda. Mwaka 2024 maji yaliingia nyumbani mwa watu Rumonge na Gatumba.

Ndugu yangu, kambi yako inaweza kuwa mbali na Rumonge, lakini mto wa mlimani ni ule ule. Maji yakigeuka tope ghafla, yakileta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kutoka juu, usivuke. Waite watoto wanaooga na akina mama wanaofua. Pandeni mahali pa juu. Usingoje mpaka mvua ikunyeshee wewe.

Na kama jirani yako hana redio, mweleze leo.

(Muziki.)