Operesheni ya macho: lensi yenye mistari haitendee rangi zote sawa

Katarakti, ao mutoto wa jicho, ndiyo sababu ya kwanza ya upofu katika dunia. Wakati wa operesheni, munganga anatosha lensi ya jicho yenye kuingiwa na ukungu na kuweka ingine ya plastiki. Ile ya kawaida inaonyesha wazi umbali moja tu, mara mingi wa mbali. Kwa kusoma, mugonjwa anavaa miwani. Kuko aina ingine, yenye mistari midogo sana ya duara, inayogawanya mwangaza: sehemu kwa kuona mbali, sehemu kwa kuona karibu. Lakini mistari hiyo haitendee rangi zote sawa.

Mwangaza unasafiri kama mawimbi. Mawimbi ya bluu ni mafupi, karibu nanometa 450. Ya nyekundu ni marefu, karibu 650. Kioo cha kawaida kinapinda bluu kuliko nyekundu. Mistari inafanya kinyume: wimbi likiwa refu, linapindwa zaidi. Mistari yenye kuongeza nguvu ya dioptri 4 kwa rangi ya majani (nanometa 550) inaongeza karibu 4,7 kwa nyekundu, na 3,3 tu kwa bluu.

Hiyo ina faida. Jicho lenyewe linapinda bluu kuliko nyekundu, basi wakati wa kusoma mistari inapunguza kosa hilo. Kampuni Canon ilitumia mbinu hiyo mwaka 2001 katika lensi ya kamera ya milimeta 400, ili ikuwe fupi na nyepesi.

Shida ni kwamba kimo cha mistari kinapimwa kwa rangi moja. Katika lensi yenye kugawanya sawasawa, kwa rangi hiyo 41 % ya mwangaza inaenda mbali, 41 % karibu, na 18 % inapotea. Kwa rangi zingine usawa unavunjika: nyekundu inaenda zaidi upande wa mbali, bluu upande wa karibu.

Tena, mutu akiangalia mbali, mwangaza wa upande wa karibu unabaki ndani ya jicho na kufunika picha kama ukungu. Usiku, anaweza kuona duara za mwangaza kuzunguka taa za motokari.

Kwa hiyo, mbele ya operesheni, mugonjwa amwambie munganga kazi yake: kama anaendesha pikipiki usiku, ao anashinda akisoma na kushona. Jibu hilo linasaidia kuchagua lensi.