Anayekimbia maziwa freshi huenda akanunua mtindi

Wauza maziwa wengi hupoteza wateja wanaolalamika kwamba maziwa freshi huwajaza gesi na kuwaharisha. Mara nyingi kosa si uchafu. Ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa, ambayo katika lita moja ya maziwa ya ng'ombe hufikia gramu 45 hadi 50. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja. Watu wazima wengi hupungukiwa nacho, ingawa miongoni mwa jamii za wafugaji kama Wamasai wengi hawasumbuki. Isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha na kutoa gesi.

Kumwambia mteja huyo ajizoeze ni kumfukuza. Auziwe mtindi. Humo bakteria wamekwishageuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, na uchachu wake huchelewesha maziwa kuharibika, nafuu kubwa kwa mchuuzi asiye na jokofu.

Lakini maziwa yaliyochacha yenyewe kwenye ndoo si mtindi wa kuuza. Yachemshwe, yapozwe, kisha yatiwe kimea, yaani bakteria waliokuzwa kwa kazi hiyo. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibayotiki yasitumike mpaka siku alizoagiza daktari wa mifugo ziishe. Ukiacha madhara kwa mnywaji, dawa hiyo huua kimea, na sufuria nzima ikakataa kuganda.